Hiyo "Ping" Kwenye Video Yako ni Uongo (Na Mimi Pia Niliiweka)

Wasee, leo kabla sijarushia mtu jiwe wacha nianze na dhambi yangu mwenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita niliposti video ya sekunde 58. Juu niliandika kwa herufi kubwa: SAUTI HALISI YA NYAMBIZI YA MJERUMANI, 1917, SIKIZA MPAKA MWISHO. Picha za zamani nyeusi na nyeupe, mawimbi, giza kidogo, halafu ule mlio kila mtu anaujua kutoka kwa sinema. Piiing. Kimya. Piiing. Nikamalizia na sauti yangu nzito ya saa nane usiku: "Chombo hiki ndicho kilichoshinda Vita vya Kwanza vya Dunia."

Ikaenda. Nilipoamka asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu zaidi ya laki moja. Mimi, msee aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na ambaye hata ile yuniti ya mawimbi alikuwa ashafeli, nikajiona mwalimu wa historia wa taifa zima.

Halafu mzee mmoja wa Mombasa akaandika chini: "Kijana wangu, nimefanya kazi melini miaka mingi. Mwaka huo waliokuwa wakiwinda nyambizi walikuwa wakisikiliza tu. Huo mlio umeutoa wapi?"

Nikamjibu kwa madharau. "Mzee, tengeneza yako basi." Watu wakacheka, laiki zikanimiminikia, mzee akanyamaza.

Ukweli ni huu: mlio niliutoa kwenye maktaba ya sauti za bure. Niliandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafuta, nikachukua ya kwanza, nikaibandika. Imetengenezwa na mtu kwa kompyuta. Swali la mzee lilikuwa rahisi kabisa na sikuwa na jibu. Lilinisumbua siku tatu, siku ya nne nikaanza kusoma. Nilichokipata kimenifanya nione aibu kwa niaba yangu na kwa niaba yenu nyinyi wenzangu mnaotengeneza kontenti ya "historia".

Tuanze na hofu iliyozaa hii teknolojia. Septemba 22, 1914, vita vikiwa havijamaliza hata miezi miwili, nyambizi moja ya Ujerumani, U-9, ilizamisha meli tatu za kivita za Uingereza asubuhi moja: Aboukir, Hogue na Cressy. Zaidi ya watu 1,400 walikufa. Ebu fikiria hilo jeshi la wanamaji lililokuwa likitamba kwamba bahari ni yake. Adui yuko chini, haonekani, na hakuna chombo cha kuaminika cha kumwona. Kilichobaki ni masikio.

Maji yanabeba sauti vizuri sana. Hewani sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, baharini ni kama mita 1,500. Hilo lilishajulikana tangu 1826, Colladon na Sturm walipopiga kengele ndani ya maji ya Ziwa Geneva wakapima sauti inachukua muda gani kuvuka. Kwa hivyo ukiteremsha maikrofoni isiyoingia maji, ile inaitwa haidrofoni, unaweza kusikia rafadha za meli, yaani yale mapanga yanayoisukuma, ukiwa mbali nayo.

Uingereza walianza kazi hii kwa bidii Hawkcraig, pwani ya Scotland, chini ya afisa anaitwa Ryan. Huyu hakuwa profesa, alikuwa mwanamaji aliyekuwa amefanya kazi ya redio. Baadaye serikali ikaunda bodi ya uvumbuzi Julai 1915 na kuleta wanasayansi wakubwa. Ernest Rutherford, yule wa kiini cha atomu, aliweka tangi la maji kwenye maabara yake Manchester akaanza kuchunguza sauti. William Henry Bragg, mshindi wa Nobel wa 1915, akaja Hawkcraig 1916. Na kama ofisi zote duniani, wanamaji na maprofesa wakaanza kuvutana kuhusu nani ndiye bosi.

Walijaribu mambo, buda. Kulikuwa na bwana anaitwa Richard Paget mwenye sikio la muziki la ajabu, akisikia noti anaitambua papo hapo. Inasimuliwa kwamba Rutherford alimshika miguu akainamishwa kichwa ndani ya maji kutoka kwenye mashua, asikilize nyambizi inatoa noti gani, kisha atolewe aiimbe. Walijaribu hata kuwafunza simba-bahari wa sarakasi wafuate sauti ya nyambizi. Wanyama walisikia vizuri, lakini samaki akipita, kazi ya serikali imeisha.

Sasa sikizeni sehemu inayoumiza video yangu. Meli yenye haidrofoni ilikuwa na tatizo moja kubwa: ilijisikia yenyewe. Injini yake, rafadha zake, maji yanayogonga ubavu wake. Ili usikie adui ilibidi uzime injini, usimame katikati ya bahari ambayo kuna nyambizi inayotafuta kitu kilichosimama cha kupiga. Nyingi ya hizo meli zilikuwa mashua za uvuvi zilizochukuliwa na jeshi, na mabaharia wake wengi walikuwa wavuvi. Watu wasio na digrii, kama mimi, wamekaa gizani, wamefunga hedifoni, wanajiuliza: hiyo ni nyambizi, ni meli yetu, ama ni wimbi tu?

Hakuna piiing hapo. Wanasikiza, basi.

Najua kuna mjuaji atakuja kuniambia kuhusu Fessenden. Kweli, Reginald Fessenden mwaka 1914 alipiga mlio ndani ya maji akiwa kwenye meli ya Marekani akapata mwangwi kutoka kwa mlima wa barafu. Lakini kutoka kwa jabali la barafu hadi kupata nyambizi inayotembea ni safari nyingine. Aliyepiga hatua kubwa ni Mfaransa Paul Langevin. Alitumia mawe ya kwatzi, akafuata ugunduzi ulioanza 1880 wa ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, kwamba kioo cha aina hiyo kikibanwa kinatoa umeme, na ukikipa umeme kinatetema. Mwaka 1918 alifanikiwa kupata mwangwi wa nyambizi. Vita vilikuwa vinaelekea kuisha. Na mlio wake ulikuwa kama mitetemo 40,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu linaishia karibu 20,000. Kumaanisha hata kama ungekuwa umeinamishwa majini kama Paget siku hiyo, hungesikia kitu.

Kwa hivyo ile ping "halisi ya 1917" ilikuwa uongo wa kwanza. Uongo wa pili ni ile sentensi ya kwamba chombo hiki kilishinda vita. Haidrofoni zilisaidia kuzamisha nyambizi chache. Aprili 1917 Wajerumani walizamisha meli za karibu tani 860,000 kwa mwezi mmoja, na haidrofoni zilikuwepo. Kilichookoa Uingereza zaidi ni uamuzi wa kusafirisha meli za mizigo kwa misafara yenye ulinzi. Yaani kupanga meli pamoja. Lakini nani atabonyeza video inayosema "Kupanga Meli Pamoja"?

Hapo ndipo kuna shida yetu.

Tuje Vita vya Pili. Kufikia wakati huo kuna sona ya kupiga mlio na kungoja mwangwi, lakini kusikiliza tu bado ni silaha, hasa ukiwa ndani ya nyambizi na hutaki kujitoboa. Jeshi la wanamaji la Marekani lilitengeneza santuri za mafunzo. Baharia mgeni anawekewa santuri, anafundishwa kutofautisha: meli ya mizigo inasukuma maji polepole na kwa uzito, meli ya vita ndogo inafyeka haraka. Anafundishwa kuhesabu mapigo ya rafadha kwa dakika ili akadirie mwendo. Baadhi ya hizo santuri zimehifadhiwa mpaka leo. Nimezisikiza usiku kucha kwa data ya kukopa. Hazina muziki wa kutisha wala piiing ya kukustua. Ni kelele kavu, na thamani yake yote iko kwenye maelezo. Toa maelezo, unabaki na kitu kama maji yanachemka kwenye sufuria.

Na bahari yenyewe inadanganya. Mwaka 1942, haidrofoni zilizowekwa kulinda Chesapeake Bay, Marekani, zilijaa makelele. Kumbe ni samaki, aina fulani wanaokoroma kwa makundi. Kwenye maji ya joto kulikuwa na mlio mwingine, kama kuni mbichi zinapasuka motoni, mfululizo bila kupumzika. Wanasayansi wa California wakagundua ni kamba wadogo, wale wa kuliwa si wa kufungia, wanaofyatua gando moja kwa nguvu. Nyambizi za Marekani zikajifunza kujificha kwenye hiyo kelele.

Sasa weka akilini huyo kijana amevaa hedifoni. Ana miaka 19, 20, rika langu na rika lako. Akisema "nyambizi!" na ni samaki, meli nzima inaamka, mabomu yanatupwa bure. Akisema "samaki tu" na ni nyambizi, wenzake wanakufa kwa maji baridi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushuku sikio lake mwenyewe. Kila sauti ilibidi aiulize: wewe ni nani, umetoka wapi, kitu gani kingine kinaweza kulia hivi?

Sisi tunafanya nini? Tunachukua sauti yoyote, tunaandika HALISI juu yake, tunaenda kulala.

Na si nyambizi peke yake. Kuna ile sauti ya mwisho wa Vita vya Kwanza, mizinga inanguruma, saa tano asubuhi Novemba 11, 1918 inafika, kimya, halafu ndege analia. Umeiona. Huwa inarudi kila Novemba na maelezo "rekodi halisi ya dakika vita viliisha". Si rekodi. Ilitengenezwa 2018 na kampuni ya sauti ya London kwa maonyesho ya makumbusho ya vita ya huko. Walichokuwa nacho ni picha ya filamu yenye mistari sita, kutoka kwa jeshi la Marekani karibu na mto Moselle. Hiyo mistari ilichorwa na vyombo vya kutambua mizinga ya adui iko wapi kwa kupima sauti inafika lini kwa kila maikrofoni. Ni wazo lile lile la haidrofoni, nchi kavu. Tena aliyeliendeleza upande wa Waingereza ni Lawrence Bragg, mtoto wa yule Bragg wa Hawkcraig. Baba anasikiliza bahari, mwana anasikiliza mitaro.

Makumbusho hayakudanganya mtu. Yalisema wazi kwamba wametafsiri ile mistari kuwa sauti. Wageni waliweka viwiko juu ya ubao na mikono masikioni wakaisikia ikipita kwenye mifupa. Ni kazi nzuri sana. Waliodanganya ni sisi, tulioikata, tukaondoa maelezo, tukaandika HALISI.

Sitasema uongo huu umeanza na simu zetu. Mwaka 1918 kampuni moja ya santuri ya Uingereza iliuza rekodi ya mizinga ya gesi iliyosemekana kurekodiwa na Will Gaisberg karibu na Lille. Gaisberg akafa kwa ile homa kubwa mwezi uliofuata. Mpaka leo wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha ile santuri kilitoka vitani na kiasi gani kiliongezwa studio. Miaka zaidi ya mia, na bado hatuna hakika. Hiyo ndiyo bei ya kuchanganya halisi na ya kubandika: ukishachanganya, hata ile sehemu ya kweli inapoteza uaminifu wake.

Najua mtakachosema, kwa sababu nilikisema mimi. "Buda, ni burudani tu. Nani ameumia?" Ama ile nyingine: "Watu hawajali, wanataka kuhisi."

Haya, wacha niwaambie kuhusu sauti iliyowekewa maelezo ya kweli. Miaka ya hamsini, mhandisi anaitwa Frank Watlington alikuwa Bermuda akifanyia jeshi la wanamaji la Marekani kazi ya siri ya kusikiliza chini ya bahari. Akasikia vilio virefu vya ajabu. Angeweza kuvitupa kama uchafu kwenye rekodi. Alivihifadhi, akatafuta ni nini, akajua ni nyangumi wenye nundu. Akanyamaza navyo miaka kwa kuogopa wawindaji wa nyangumi wakisikia watavitumia kuwapata. Baadaye akampa mtafiti Roger Payne. Mwaka 1970 ikatoka santuri ya nyimbo za nyangumi, watu wakalia majumbani mwao, na hiyo sauti ikawa silaha ya kampeni ya kuwaokoa. Mwaka 1982 nchi zikapiga kura kusimamisha uwindaji wa kibiashara, ukaanza kusimamishwa 1986. Nyangumi wa aina hiyo hufika hata kwetu, ukienda Watamu kati ya Julai na Septemba unaweza kuwaona.

Watu walihisi, tena sana. Na hakuna aliyewadanganya. Kama Watlington angekuwa na tabia yetu angeandika "SAUTI YA JINI WA BERMUDA" na tungekuwa tunacheka mpaka leo, nyangumi wakiendelea kuuawa.

Sasa kuhusu nani ameumia. Wiki chache baada ya ile video, msimamizi wa ukurasa mmoja mkubwa kuliko wangu alinitafuta. Alipenda "kazi" yangu. Alitaka tumtengeneze mzee kwa akili unde, sauti yenye mikwaruzo ya santuri, anazungumza Kiswahili cha zamani, na maelezo yaseme ni rekodi halisi ya mpagazi wa Kariokor, 1917. Malipo yalikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Siwezi kuwadanganya kwamba sikufikiria. Nilifikiria usiku mzima.

Kariokor mnapitia kila siku mkienda kula nyama choma. Jina ni Carrier Corps limekaa kwenye ulimi wetu. Ni wanaume waliobebeshwa mizigo ya vita vya watu wengine, wakafa kwa magonjwa na njaa kwa maelfu mengi, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Mimi sijawahi kusikia sauti ya hata mmoja wao. Siku moja huenda mtafiti akapata kipande cha kweli mahali, kwenye sanduku la mtu au kwenye hifadhi fulani. Na siku hiyo tutakuwa tumeshajaza mtandao na wazee bandia hamsini wenye mikwaruzo bandia. Nani atamwamini yule wa kweli? Atafika kama ile nyambizi, amejificha ndani ya kelele za kamba, na sisi ndio kamba.

Huyo ndiye ataumia. Mtu ambaye hakupata nafasi ya kusema kitu, halafu ikija nafasi tumeshamziba mdomo na sauti tuliyomtungia.

Nikakataa ile kazi. Sikukataa kwa ushujaa, nilikataa kwa sababu ya swali la mzee wa Mombasa: umeutoa wapi?

Kwa hivyo ombi langu kwenu, na ni ombi lenye hasira. Ukiweka sauti ya zamani, andika vitu vitatu. Imerekodiwa lini na nani. Uliipata wapi. Na kama umeitengeneza ama kuiongezea, sema umeitengeneza. Ni sentensi mbili, zinatoshea kwenye maelezo. Na wewe mtazamaji, ukiona HALISI kwa herufi kubwa, uliza. Ukijibiwa kwa kejeli kama nilivyomjibu mzee, ujue hana jibu. Jiulize pia kitu kidogo: hiyo teknolojia ya kurekodi ilikuwepo? Santuri za kurekodiwa kwa umeme ziliingia sokoni 1925. Kabla ya hapo studio ilikuwa mtu anapiga kelele kwenye pembe kubwa. Kwa hivyo anayekuuzia nyambizi ya 1917 yenye besi safi ya kutikisa matatu, mwambie akuonyeshe pembe aliyoizamisha.

Na msiniambie hii ni mambo ya wasomi. Wale wavuvi hawakuwa na digrii. Walifunzwa, wakakubali kwamba sikio linaweza kukosea, wakazima injini ndipo wakasikiza. Mimi injini yangu ilikuwa ni zile namba zinazopanda usiku. Zikinguruma husikii hata mzee anayekuambia ukweli kwa adabu.

Ile video nimeitoa. Nimeweka nyingine ya dakika tatu: sauti ya kweli ya santuri ya mafunzo, na mimi nikieleza ni nini na imetoka wapi. Imetazamwa na watu elfu mbili na mia tatu. Chini yake nimemwandikia yule mzee, hadharani, "Shikamoo mzee, samahani kwa jibu langu la kwanza. Ulikuwa sawa."

Alijibu jioni hiyo. "Marahaba. Sasa hii nimeisikiza mpaka mwisho. Ile rafadha ya pili, sikiza vizuri, ina panga moja limepinda."

Nimeirudia mara kumi na bado siisikii. Naendelea.